Naomba ushauri: skrini ya inchi 24 au 27 kwa kompyuta ya nyumbani?

Habari zenu ndugu. Niko Kampala, natafuta skrini ya hesabu za duka na masomo ya watoto. Kompyuta ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, kijiti kimoja, haina kadi ya picha, na tundu lake la kuchomeka skrini ni HDMI 1.4 tu, hivyo skrini ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) itaishia picha 30 kwa sekunde, kishale cha mausi kitakuwa kinaburuta. Meza ina kina cha sentimita 60.

Dukani nimejaribu inchi 27 ya pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080: tarakimu za jedwali zina kingo za ngazingazi, maana ni pikseli 82 hivi kwa inchi. Ya 24 yenye pikseli hizo hizo inafika 92.

Je, inchi 27 ya 2560 kwa 1440 itatoka sawasawa kwenye tundu hilo? Au nichukue 24, pesa inayobaki niongeze kijiti cha pili cha RAM?