Tunaofunga sola majumbani Mwanza tupunguziwe kodi: ndiyo au hapana?

Mtemi wa Igoma
Wadau, habari za jioni. Kaka yangu yuko Marekani, jimbo la Minnesota. Mwaka 2025 alifunga paneli juu ya nyumba yake, na asilimia 30 ya gharama, ufundi ukiwemo, akaikata kwenye kodi ya mapato anayodaiwa na serikali kuu yao. Mimi hapa Igoma nimefunga paneli nne, inveta na betri ya lithiamu. Milioni tatu na ushee zimekwenda, hakuna aliyenipunguzia hata senti. Jua letu tunalijua wote. Nasema mwenye kufunga sola apunguziwe PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, kama wenzetu. Wapangaji najua mtapiga kelele, lakini nyie hamna paa. Hili ni la wenye nyumba zao.

Mkolani Juu
Mkuu, huo mpango umekufa. Sheria yao ya 2022 iliupa uhai hadi miaka ya 2030, ikaja sheria ya Julai 2025 ikaukata: paneli za nyumbani zilizofungwa baada ya 31 Desemba 2025 hazipati. Halafu haikuwa hela ya kupewa mkononi. Unapunguziwa kodi unayodaiwa. Kama hudaiwi, hupunguziwi kitu, inayobaki unaisogeza mwaka unaofuata. Sasa ilete kwetu. PAYE inaanza kukatwa kwenye mshahara unaozidi 270,000 kwa mwezi. Mama anayeuza sato Kirumba hayumo, bodaboda hayumo, mvuvi hayumo. Unaomba nafuu ya watu wa ofisini peke yao.

Mtemi wa Igoma
Kwa hiyo kaka yangu ni muongo? Nimeona makaratasi yake kwa macho yangu. Mtu akileta jambo la maana mnakimbilia kumuumbua.

Mkolani Juu
Sijamtaja kaka yako kwa ubaya. Amewahi, hongera zake. Naomba ujibu hilo la PAYE.

Binti wa Nyegezi
Mimi nimechomwa na hilo neno "hamna paa". Mtemi, kodi ya hilo paa lako inalipwa na nani? Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani unaponunua umeme wa kulipia kabla. Ilianza 1,000 kwa mwezi, toka Julai 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme chumbani kwangu ni mimi. Kwa mwaka ni 18,000 nawalipia wenye nyumba, halafu leo mnataka na PAYE mpunguziwe!

Fundi Sola Nyakato
Nirudi kwenye mada kidogo. Nafuu ya kodi tayari ipo. Paneli, chaji kontrola, inveta na betri za sola zimesamehewa VAT kisheria. Shida ni kwamba mteja haioni. Dukani bei ni ileile, anayefaidi ni muuzaji. Wiki iliyopita nilimsindikiza mteja duka moja mjini, jina nalihifadhi, risiti ikatoka na asilimia 18 juu ya paneli. Tumebishana nusu saa hadi ikabadilishwa. Someni risiti zenu, ndugu zangu.

Na jingine. Wa matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100, ukiweka makato inafika 122. Yaani uniti 70 hazifiki hata 9,000. Huyo nikimfungia sola ya milioni tatu ataitafuta hela yake mpaka betri ife. Sola inamlipa yule wa shilingi 356 kwa uniti, mwenye friji, pampu ya maji na pasi. Huwa nawaambia wateja ukweli huu, na wengine wanaondoka.

Mama Buhongwa
Binti wa Nyegezi, mwanangu, usituweke wote kapu moja. Mimi nina wapangaji watatu, kila mmoja na mita yake, na kila mwezi wa kwanza narudisha hela zao za kodi ya jengo. Tulikubaliana kwa mdomo na haijawahi kunishinda.

Binti wa Nyegezi
Shikamoo mama. Mungu akubariki, ila wewe ni mmoja. Wangu nilimuuliza akasema "kama hutaki hama". Sheria inasema kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Elfu kumi na nane kwa wengine ni chai, kwangu ni madaftari ya mtoto.

Mtemi wa Igoma
Elfu kumi na nane ndiyo ya kuvuruga mjadala? Mimi nyumba nimeijenga miaka kumi na moja, tofali kwa tofali. Unajua bei ya mfuko wa simenti?

Binti wa Nyegezi
Najua, maana kodi yangu ya chumba ndiyo inainunua.

Ngosha Ukerewe
Nawasoma kwa uchungu. Huku visiwani kuna kaya hazina mita ya kukatwa chochote. Taa tunazovulia dagaa usiku zamani zilikuwa karabai, mafuta ya taa yanakula nusu ya mavuno. Sasa vijana wengi wanachaji taa kwa sola mchana. Mvuvi wa hivi hana PAYE, hana LUKU. Kama serikali ina hela ya kusaidia sola, anzieni huku: mkopo wa riba ndogo wa betri.

Mkolani Juu
Huyu ndiye wa kusikilizwa.

Mtemi wa Igoma
Mkopo tena? Si ndiyo ile mnakopa hamrudishi.

Ngosha Ukerewe
Ng'wanawane, nani amekopa kwako?

Mama Buhongwa
Jamani, lugha. Mtemi, nijibu mimi mkubwa wako. Wewe umefunga sola, LUKU unanunua kidogo sana. Kodi ya jengo lako inakatwa wapi?

Mtemi wa Igoma
Mita ninayo bado, mama. Nanunua mara moja moja, ikijikusanya nalipa kwa mkupuo.

Binti wa Nyegezi
Una mpangaji?

Mtemi wa Igoma
Wawili. Wako upande wa uani.

Binti wa Nyegezi
Mita yao ndiyo inayokatwa au yako?

Fundi Sola Nyakato
Binti, hilo mwachie ajibu kesho. Ila wewe mpangaji ukitaka paneli moja na betri ndogo, inafungwa kwenye nguzo uani bila kutoboa bati la mtu. Ukihama unang'oa unaondoka nayo. Nimefunga tatu Mabatini mwezi huu.

Binti wa Nyegezi
Bei gani, fundi? Na risiti isiwe na asilimia 18.