Naombeni ushauri: mdiria kazungukwa na matete, nikilainisha nyuma yake anatokea na "mwanga wa malaika"

Chozi wa Tengeru
Wakuu habari za jioni. Kuna picha inaninyima usingizi.

Wiki iliyopita nilikuwa Ziwa Duluti, karibu na Arusha, ndani ya mtumbwi, saa moja na nusu asubuhi. Mdiria, yule mdogo wa mdomo mwekundu, akatua kwenye tete kama mita 6 kutoka nilipokaa. Nikapiga fremu 30 hivi kabla hajapiga mbizi. Lenzi yangu ni ya kawaida tu, 70-300mm, na nilikuwa nimeivuta hadi mwisho, uwazi wa lenzi f/5.6. Jicho limekaa, kishungi unahesabu mistari yake. Shida iko nyuma: matete makavu na mabichi yamepishana kama fito za nyumba ambayo haijakandikwa. Ndege mwenye rangi zote zile unamtafuta kwa macho.

Nikaingia GIMP, ile programu ya kuhariri picha, nikamzungushia mstari, nikageuza uteuzi ushike nyuma yake, nikaweka ukungu wa Gaussian Blur wa kutosha. Matokeo ni aibu. Kazungukwa na utando wa bluu na chungwa kama picha za watakatifu, ncha ya mdomo imemezwa, na lile tete alilokalia limekatika: hapa makali, sentimita moja chini ukungu mtupu, utadhani ndege anaelea.

Kuna hoteli inataka picha za kalenda, saizi A3, kwa hiyo si ya kuweka status tu. Nafanyaje? Na je, kufanya hivi ni udanganyifu?

Kahawa Chungu
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa pale.

Bwana Noah
Nunua lenzi ya 600mm f/4 umalize kazi. Hayo mambo ya kompyuta ni kujitesa.

Chozi wa Tengeru
Mkuu, bei ya hiyo lenzi napata gari lenye jina lako na chenji inabaki ya mafuta. Tuendelee na kompyuta.

Fundi Maski
Huo utando wengi unatutokea mwanzoni, na watu wanahangaika kuufuta kwa brashi wakati chanzo kiko kwingine. Programu inapotia ukungu inachukua kila pikseli na kuichanganya na majirani zake. Pikseli za nyuma zilizo karibu na ndege zina jirani wa bluu na wa chungwa, kwa hiyo rangi ya ndege inavujia nje. Hata uteuzi wako ungekuwa safi kama wembe, itavuja tu, kwa sababu ndege bado yumo kwenye ile leya (tabaka la picha) unayoitia ukungu.

Kwa hiyo muondoe kwanza. Nakili picha upate leya mbili. Ya juu iwekee maski, yaani kifuniko ambacho penye nyeupe panaonekana na penye nyeusi panafichwa, abaki ndege na tete lake peke yake. Nenda leya ya chini, chukua Clone au Heal, mfute ndege kwa kumfunika na matete ya pembeni, na upitilize kidogo nje ya mwili wake. Usitafute uzuri hapo, hakuna atakayepaona. Halafu ndipo utie ukungu hiyo leya ya chini. Haina tena bluu wala chungwa ya kuvuja.

Maski usiichore kwa ukingo mmoja mwili mzima. Mdomo ni mgumu, ukingo wake uwe mkali. Manyoya ya kifuani na kishungi yanataka ukingo laini wa pikseli kadhaa, la sivyo anaonekana kakatwa na mkasi kwenye gazeti. Mdomo mimi nauchora kwa mkono kwa Paths, kile kifaa cha kuchora mstari, picha nikiwa nimeikuza 200%. Inachosha lakini ndipo jicho la mtu linapokimbilia.

Kitu cha mwisho, watu wanakisahau: ukungu unafuta chenga, vile vidoa vidogo kama mchanga kwenye picha. Ndege wako ana chenga za ISO, nyuma yake kumekuwa laini kama plastiki, na jicho linagundua hata kama mtu hajui kagundua nini. Rudishia chenga kidogo kwenye leya ya chini. Na ukague kwa 100%, maana A3 kwa uchapaji wa nukta 300 inataka kama pikseli 4961 kwa 3508. Kioo cha simu kinaficha mengi.

Chozi wa Tengeru
Mkuu nimekuelewa, hasa hilo la kumfuta ndege kwanza. Lakini tete? Likibaki lote makali, linatoka chini ya fremu kama mlingoti.

Mzee wa Mtumbwi
Hapo kwenye tete ndipo penye kazi, binti yangu, na Fundi amepapita haraka.

Lenzi haijui ndege wala tete. Inajua umbali tu. Kilichokuwa mita 6 kimetoka makali, kiwe nyoya au jani kavu. Kwa vipimo ulivyotaja, na kama kamera yako ni ya kihisi kidogo cha APS-C, unene wa sehemu yenye makali ulikuwa kama sentimita 8 au 9. Basi tete lake, kwa kuwa limesimama wima, libaki makali hadi linapoanza kukujia au kukukimbia. Jani linaloinamia nyuma lififie polepole. Fungua maski, chukua rangi mseto kutoka nyeupe kwenda nyeusi, ivute kulifuata jani. Yale matete ya sentimita 20 nyuma yake pia yasipewe ukungu sawa na yale ya mita moja. Ukiweka kiwango kimoja kila mahali unapata ndege aliyebandikwa kwenye pazia.

Lightroom, programu nyingine ya picha, ina kifaa cha Lens Blur cha kutia ukungu, kilitoka 2023, kinajikadiria umbali chenyewe na unaweza kukirekebisha kwa brashi. Kinasaidia, ila unalipa kila mwezi, na kwenye matete yaliyopishana nimekiona kikikosea lipi liko mbele.

Sasa nikuulize. Hivi ni kweli makali ya matete ndiyo yanayokusumbua? Mimi nadhani ni mng'ao wake. Tete kavu ni karibu jeupe, likipigwa na jua la asubuhi linang'aa kuliko kifua cha ndege, na jicho hukimbilia penye mwanga. Ukilitia ukungu unapata mstari mpana wenye mng'ao badala ya mwembamba. Jaribu kwanza bila ukungu wowote. Kwenye leya ya chini shusha sehemu zenye mwanga mkali, punguza kontrasti, punguza nguvu ya njano, tia giza kidogo. Kisha ndipo uongeze ukungu mdogo, robo ya ule ulioweka. Utashangaa.

Kahawa Chungu
Huyu mzee alikuwa wapi siku zote?

Mwanasheria wa Nyani
Niguse swali la udanganyifu maana limerukwa. Inategemea unaipeleka wapi. Kalenda ya hoteli ni pambo, hakuna anayedhurika. Mashindano ni habari nyingine. Wildlife Photographer of the Year, la Natural History Museum ya London, linaruhusu kurekebisha mwanga na kontrasti, kukata kingo, kupunguza chenga, lakini kuongeza au kuondoa vitu kwenye picha hapana, na wanaofika hatua za mwisho hudaiwa faili asilia la RAW. Mimi nyuma iliyotengenezwa kwa kompyuta nisingeipeleka huko hata kidogo.

Bwana Noah
Lakini aliyenunua f/4 naye kafuta nyuma, tofauti yake kafuta kwa hela.

Mwanasheria wa Nyani
Hahaa, hapo umenibana kidogo. Ila lenzi imefuta pale pale, mbele ya ndege. Chozi, tunza RAW yako na mwambie mteja ukweli akiuliza. Mimi naishia hapo.

Binti Matete
Naongeza la siku ukirudi Duluti. Usipige ukiwa umeyaelekea matete uso kwa uso. Mwambie mpiga kasia asogeze mtumbwi mpaka uangalie sambamba na ukingo, ndege awe kwenye tete la pembeni kabisa na nyuma yake yawe maji. Nilipiga hesabu kwa lenzi kama yako: kitu kilicho mita 20 nyuma ya ndege kinapata ukungu zaidi ya mara tano ya kilicho mita moja nyuma yake. Lenzi ile ile, f/5.6 ile ile. Na mdiria ana tabia ya kurudi kwenye kijiti kile kile, kwa hiyo akiruka usimfukuze, jipange umsubiri.

Mtoto wa Simu
Samahani kuingilia, mimi natumia simu tu. Hali ya Portrait inafaa kwa ndege?

Fundi Maski
Kwa ndege aliye mbali, mara nyingi inakosea ukingo. Piga kawaida, kisha kwenye app ya Snapseed kuna Lens Blur: weka umbo la yai badala ya mduara, panua sehemu ya mpito iwe ndefu, na ukungu uwe mdogo. Kwa status inatosha.

Chozi wa Tengeru
Wakuu nimerudi. Nimelala saa nane usiku lakini kuna kitu.

Nilianza na ya Mzee, bila ukungu kabisa. Nikashusha mng'ao wa yale matete makavu, nikapunguza njano, na mdiria akajitokeza mwenyewe, nikacheka peke yangu chumbani. Baadaye nikamfuta kwenye leya ya chini kama alivyosema Fundi, nikatia ukungu kidogo, tete nikaliachia lififie kwenye lile jani linaloinama kushoto. Chenga nimerudishia. Utando haupo. Nimeweka ya kwanza na ya sasa hapo chini, semeni bila huruma.

Bwana Noah
Kumbe inawezekana. Narudisha maneno yangu, ila lenzi bado naitaka.

Mzee wa Mtumbwi
Vizuri sana. Nyuma kumetulia na matete yanajulikana kuwa ni matete, hilo ndilo nililopenda. Sasa kuza picha chini ya mdomo, upande wa koo. Kuna kipande cha tete la nyuma kimebaki makali, kama ndevu.

Chozi wa Tengeru
Lahaula. Nimekiona. Narudi kwenye maski.