Watoto watatu, Montréal, Agosti: nianzie ofisi gani ya shule?

baba_tanga
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Tumefika Montréal mwezi wa saba, mimi, mke wangu na watoto watatu. Kibali cha kazi ni cha mke wangu, mimi bado nahangaika. Tumepanga Côte-des-Neiges, karibu na metro Plamondon. Watoto wana miaka 5, 9 na 14. Tanga walisoma shule za Kiingereza, na Kifaransa chao ni bonjour, basi.

Kila ninayemuuliza kuhusu shule ana jina lake. Mmoja anasema CSDM, mwingine CSSDM. Mwenzake mke wangu kazini anasema kwao ni Marguerite-Bourgeoys. Jirani ndiyo kabisa, ananiambia niwapeleke Kiingereza nisijitese. Hizi ni ofisi ngapi jamani? Na huyu wa miaka 14 alikuwa kidato cha pili, watamrudisha nyuma?

kisumu_lasalle
Karibu baridi, ndugu. Jirani hajakosea sana. Kwa kuwa kibali chenu ni cha muda, mnaweza kuomba ruhusa ya shule ya Kiingereza, na maombi yanapitia bodi ya shule za Kiingereza yenyewe. Lakini tangu sheria ya 96 ya jimbo la Québec, ya kulinda Kifaransa, ya mwaka 2022, ruhusa hiyo ni miaka 3 tu na haiongezwi. Mkipata ukaaji wa kudumu kabla ya hapo, hesabu inabadilika tena. Piga hesabu mapema.

MamaFuraha_CDN
Baba Tanga, karibu sana. Mimi ni mtu wa Bukavu, nimezeeka katika mtaa huo unaoishi, na kazi yangu ni kulea watoto kwenye service de garde ya shule ya msingi, asubuhi kabla ya kengele na jioni baada ya masomo. Familia kama yako naziona kila Agosti.

Hayo majina yasikuchanganye. CSDM na CSSDM ni nyumba moja. Zamani shule za hapa ziligawanywa kwa dini, za Wakatoliki na za Waprotestanti. Mwaka 1998 zikagawanywa kwa lugha, ndipo ikazaliwa Commission scolaire de Montréal, yaani CSDM, bodi ya shule za Kifaransa. Mwaka 2020 serikali ya Québec ikaziondoa bodi za Kifaransa zilizochaguliwa kwa kura, ikaziita centres de services scolaires, yaani vituo vya huduma za shule, na CSDM ikawa CSSDM. Bodi za Kiingereza zilikimbilia mahakamani, nazo bado zinapigiwa kura. Mimi nilipiga kura ile ya mwisho ya kwetu, mwaka 2014, na kituoni tulikuwa mimi na wasimamizi tu, wanasoma magazeti. Labda ndiyo maana hakuna aliyeandamana ilipofutwa. Watu wa mtaani bado wanasema CSDM, na mimi mmojawapo.

Marguerite-Bourgeoys ni nyumba nyingine, yenye upande wa magharibi: LaSalle, Lachine, Verdun, Saint-Laurent, Mont-Royal na kuendelea. Mashariki kuna Pointe-de-l'Île, ya akina Montréal-Nord na Saint-Léonard. Katikati ni yetu, na ndiyo kubwa kuliko zote Québec, wanafunzi wake wanapita 100,000. Wewe huchagui. Anwani yako ndiyo inachagua. Hapo Plamondon uko CSSDM. Ukihamia Mont-Royal, ambayo ni mwendo wa miguu, umehama na ofisi.

Nenda shule ya msingi ya mtaa wako mara sekretarieti zitakapofunguliwa, usingoje siku ya kwanza ya masomo. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, pasipoti na vibali, ripoti za shule za Tanga, na uthibitisho wa anwani: mkataba wa nyumba au bili ya umeme. Ya mwisho hii ndiyo inayorudisha watu nyumbani kila mwaka, kwa sababu mkataba umeandikwa jina la shemeji. Yule wa miaka 5, kama anatimiza mitano kabla ya 1 Oktoba, anaanza maternelle, yaani chekechea.

Masomo ni bure. Ila madaftari ya mazoezi utalipa, na usimamizi wa saa ya chakula cha mchana, na service de garde. Tena soma kalenda vizuri: siku za masomo ni 180, lakini walimu wana siku zao za kazi ambazo watoto hawasomi, journées pédagogiques. Siku hizo nawakuta wazazi wageni mlangoni na mtoto na begi, hawajamwandikisha kwetu, na saa mbili wanatakiwa kazini.

Kuhusu Kiingereza, ni watoto wako, si wangu. Lakini kama mnakusudia kubaki, huyo wa miaka 9 atasoma Kiingereza mpaka 12, halafu umtupe katika Kifaransa wakati wa kuingia sekondari? Mimi singethubutu.

baba_tanga
Mama, asante mno, nimemsomea mke wangu yote. Mkataba wa nyumba bahati nzuri una jina lake. Sasa huyu mkubwa ndiye ananinyima usingizi. Nasikia kuna darasa la wageni, na yeye kashasema hataki kukaa na "wasiojua."

MamaFuraha_CDN
Classe d'accueil, Baba. Si darasa la wasiojua. Mle kuna mtoto aliyetoka Colombia anakushinda hesabu, na mwingine kutoka Bangladesh. Wanasoma Kifaransa sehemu kubwa ya siku, darasa ni dogo, na mwalimu amezoea kazi hiyo. Wengine wanatoka baada ya mwaka, wengine miwili. Wale wadogo wawili usiwawazie, kabla ya theluji kuyeyuka watakuwa wanakusahihisha matamshi.

Mkubwa ni habari nyingine, wewe una haki ya kukosa usingizi. Sekondari hapa ni miaka mitano, na diploma inatafutwa katika miwili ya mwisho: krediti 54, na 20 kati ya hizo lazima ziwe za mwaka wa tano. Alama ya kupita ni 60, si 50. Mitihani ya wizara ya hesabu, sayansi na historia ni mwaka wa nne, na historia hiyo ni ya Québec na Kanada, kwa Kifaransa. Kwa hiyo usiwabembeleze wamtoe accueil haraka ili uone fahari. Mwache akomae. Akifika miaka 16 bila kumaliza, kuna vituo vya watu wazima vya CSSDM hiyo hiyo, watoto wetu wengi wamepatia diploma zao huko.

gitega_514
Mimi nilipita accueil nikiwa na 13, nimetoka Burundi. Mdogo wangu, yaani huyo kijana wako, mwambie jambo moja: somo la Kiingereza lipo shule zote za Kifaransa. Mle atakuwa mfalme. Mimi niliwasaidia wenzangu Kiingereza, wakanisaidia dictée, yaani imla, ndivyo nilivyopata marafiki. Na apewe mpira, uwanjani hakuna mtihani wa lugha.

kisumu_lasalle
Mama Furaha, na migomo je? Mwaka 2023 shule zenu za CSSDM zilifungwa tangu 23 Novemba mpaka Krismasi.

MamaFuraha_CDN
Zilifungwa, na mimi nikakaa nyumbani. Walimu walikuwa na haki, wana madarasa yaliyojaa na majengo mengine yana ukungu ukutani. Lakini hilo Baba Tanga hawezi kulitatua wiki hii. Baba, Septemba kutakuwa na mkutano wa wazazi kuchagua conseil d'établissement, yaani baraza la shule. Nenda hata kama huelewi neno. Na kabla ya hapo niandikie faragha namba za viatu vya hao wadogo, kanisani tuna buti za theluji na suruali zake, watoto hapa wanatolewa nje kucheza hata kwenye baridi.

baba_tanga
Nimekutumia, Mama. Sekretarieti wamesema niende Alhamisi saa tatu.