Golf 1.4 TSI au Mazda3 2.0 isiyo na turbo? Naomba ushauri, safari zangu ni za milimani

Mpanda Mlima:
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kubadili gari, nimebaki na mbili mkononi. Zote ni za petroli, zimetumika, gia za mkono: Volkswagen Golf yenye injini ya turbo 1.4 TSI ya nguvu za farasi 150, na Mazda3 yenye Skyactiv-G 2.0 ya farasi 165. Safari zangu ni ndefu, milima mingi, na mara nyingi tupo wanne na mizigo. Kwenye karatasi Mazda imezidi farasi 15, lakini nilipoziendesha, Golf ndiyo iliyovuta. Inakuwaje? Na hizi injini ndogo za turbo, yaani zenye feni ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, zinadumu kweli?

Raundi7000:
Mkuu, umesoma namba isiyokuhusu. Farasi 165 za Mazda ziko kwenye raundi 6,000 (mizunguko ya injini kwa dakika), na huko wewe huendi. Tazama torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm. Golf inatoa Nm 250 kuanzia raundi 1,500 hadi 3,500. Mazda inatoa 210, na kilele chake ni raundi 4,000. Zidisha torki kwa raundi, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati (kW), yaani nguvu iliyopo kwenye raundi hiyo. Kwenye raundi 2,000 Golf ina kW 52. Mazda, hata ukiizawadia 210 zake zote hapo chini, ina kW 44. Ukishusha gia na kuipandisha raundi 5,000 nayo inaamka, na mlio wake ni mtamu kuliko wa Golf. Hilo sibishani na mtu.

Gia ya Tatu:
Kaa mbali na turbo. Lita 1.4 kufanya kazi ya lita 2 ni kumtwisha punda mzigo wa ngamia. Chukua Mazda: haina turbo ya kufa, haina kaboni (masizi yanayoganda) kwenye valvu, unalala usingizi.

Mikono Michafu:
@Gia ya Tatu, kwenye kaboni umeteleza. Skyactiv-G nayo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, sawa na TSI. Petroli haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo hakuna cha kuziosha, na mvuke wa oili unaganda pale. Toyota kwenye mfumo wao wa D-4S, tangu 2005, waliweka nozeli za petroli za aina mbili, nyingine kwenye njia ya hewa, nyingine ndani ya silinda. Golf na Mazda hizi hazina hiyo.

Halafu tusiiite Mazda injini rahisi. Kwenye baadhi ya masoko mgandamizo wake (kiasi ambacho pistoni inakandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli) ni 14 kwa 1, ambao ni mkubwa. Ukiipa petroli duni, kompyuta inachelewesha cheche ili injini isigonge, yaani petroli isilipuke ovyo ndani ya silinda, na nguvu inashuka.

Kilele:
Mmesahau hewa. Kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Turbo inafidia sehemu kubwa. Kwa milima mirefu mimi sifikirii mara mbili.

Mpanda Mlima:
Shukrani wakuu. Kwa hiyo Golf naweza kupanda nayo gia ya sita, raundi 1,500, nimekanyaga mpaka chini?

Mikono Michafu:
Hapana! Hapo ndipo turbo ndogo zinapovunjia pistoni. Mzigo mkubwa kwenye raundi za chini unaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche. Shusha gia, ipe raundi 2,500, torki bado ipo yote. Oili nayo ina mchango: viwango vya ubora wa oili vya API SN Plus vya 2018 na SP vya 2020 vilitungwa kwa kuzingatia tatizo hilo. Ila anza na kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Kuhusu kudumu, turbo inazunguka zaidi ya raundi 150,000 kwa dakika juu ya utando wa oili. Anayechelewesha oili ndiye anayeiua. Omba kumbukumbu za sevisi; Golf isipokuwa nazo, chukua Mazda bila kujadili.

Raundi7000:
Na kwa Golf, hakikisha injini ni EA211, kizazi cha 2012 kuendelea, chenye mkanda wa taiming. Kile cha nyuma, EA111, kina cheni iliyolalamikiwa sana. Kagua pia eneo la pampu ya maji na thamostati, huwa panavuja. Iwashe ikiwa imepoa kabisa. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto, rudi siku nyingine.