Tupo Florida: msimu wa vimbunga umekwisha au nisubiri kutoa mabati madirishani?

Kijana_wa_Chumbageni (12 Novemba 2025)
Wakuu, habari za muda huu. Naishi Tampa mwaka wa tatu sasa, nasukuma lori la masafa marefu. Mwezi wa tisa kabla sijaondoka kwenda Texas nilifunga mabati kwenye madirisha yote ya nyuma. Mwaka jana vimbunga Helene na Milton vilifuatana ndani ya wiki mbili, sikutaka mama watoto ahangaike na drili peke yake. Mpaka leo hayajatoka.

Mwaka huu Florida hatujapigwa na kimbunga hata kimoja. Kile kikubwa, Melissa, kiliishia kwa ndugu zetu wa Jamaika tarehe 28 Oktoba, daraja la 5, la juu kabisa. Mke anasema nyumba imekuwa godauni, mchana taa zinawaka, na mama yake anatua tarehe 20. Mimi kesho kutwa naondoka tena, siku 18. Kalenda inasema msimu ni mpaka tarehe 30. Kinaweza kuja kingine sasa hivi, au ndiyo basi? Halafu nina madumu 4 ya petroli ya jenereta, niyafanyeje?

Babu_Kahawa
Mama mkwe anakuja na wewe unauliza habari za vimbunga? Kimbunga chenyewe kinatua tarehe 20.

Binti_Barawa
Msimcheke mwenzenu. Mimi nipo Vero Beach. Mwaka 2022 tulishasema yamekwisha, wiki sita zimepita tangu kimbunga Ian, watu wamerudisha viti barazani. Alfajiri ya tarehe 10 Novemba Nicole kikatua hapa hapa. Kilikuwa daraja la 1 tu, upepo wake si wa kusimulia. Iliyofanya kazi ni bahari. Kule juu, pwani ya Volusia, Ian kilikuwa kimeshakula mchanga wa ufukweni, Nicole kikaja kumalizia na nyumba za watu zikaporomokea majini. Subiri mwezi uishe.

Fundi_Anga
Kijana, tarehe peke yake haikusaidii, uliza kimbunga kinazaliwa wapi. Agosti na Septemba vingi huanzia karibu na Kepuvede, vinavuka Atlantiki taratibu, unaviona wiki nzima kabla. Novemba mlango huo umeshafungwa. Vinavyobaki vinazaliwa magharibi ya Karibiani, kati ya Jamaika na Honduras, ambako maji bado ni ya moto. Kutoka pale kuja Florida ni siku chache tu.

Ila kufika ndiyo shughuli. Baridi inayoshuka kutoka kaskazini imeshapoza maji ya Ghuba ya Meksiko, na upepo wa juu unakwenda kasi kuliko wa chini, kwa hiyo kimbunga kinakatwa kichwa kabla hakijasimama vizuri. Mwaka jana Rafael kilipiga Kuba tarehe 6 Novemba kikiwa daraja la 3, kikaingia Ghuba kikafia humo humo. Eta na Iota mwaka 2020 vilipiga Nikaragua, vyote daraja la 4, tarehe 3 na 16 Novemba, karibu mahali pale pale. Kilichowahi kupiga Florida kwa kuchelewa kabisa kikiwa kimbunga kamili ni Kate, tarehe 21 Novemba 1985, tena kule Mexico Beach, kaskazini-magharibi ya Florida, mbali na wewe.

Usijisahau lakini. Eta hiyo hiyo ilizunguka, ikapita jirani na Tampa ikiwa dhoruba tu, na maji yalipanda. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Miami hutoa ramani ya siku 7 mara 4 kwa siku. Mke aiangalie asubuhi na jioni, inatosha.

Mvuvi_Kilindoni
Nawasalimu kutoka Mafia. Huku msimu wetu huhesabiwa Novemba mpaka Aprili. Kimbunga Hidaya kikaja Mei 2024, shughuli imeisha, viti vimeshakunjwa. Aliyesikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa alivuta chombo chake juu mapema. Aliyehesabu miezi, shauri yake.

Mama_Pacha_Orlando
Nimesoma mpaka hapa nikisubiri mtu aulize. Hayo madirisha ya nyuma ni ya chumba cha nani?

Kijana_wa_Chumbageni
Chumba cha watoto na chetu, dada. Na jikoni.

Mama_Pacha_Orlando
Moto ukiwaka jikoni usiku, watoto wanatokea wapi? Mabati ni ya siku mbili tatu, dhoruba ikipita yanatolewa. Wewe umewafungia wanao miezi miwili ukiogopa upepo ambao haujaja. Vyumba vya kulala vifunguliwe leo, si kesho kutwa.

Fundi_Anga
Hapo dada amenizidi. Sikuliwaza hilo.

Wakala_Mstaafu
Mawili madogo. Petroli mimina kwenye gari lenu utumie, usiiache gereji mpaka Juni. Na bima ya mafuriko usije ukaisitisha eti msimu umekwisha: ile ya serikali ukiisitisha, mpya hungoja siku 30 ndipo ianze, na ya nyumba ya kawaida hailipi mafuriko.

Kijana_wa_Chumbageni
Nimetoka nje sasa hivi. Yote yametoka, nimeandika namba kwa kalamu nyuma ya kila bati na kuyapanga gereji karibu na mlango. Nilitaka kumfundisha mke kuyafunga, akanipokonya drili, la jikoni akalirudisha na kulitoa tena nikiwa bado natafuta skrubu chini. Dumu moja nimebakisha. Babu_Kahawa, salamu zako kwa mama mkwe nitazifikisha.