Mihogo ya shangazi inahesabiwa, shangazi mwenyewe hahesabiwi

Ndugu wanajamvi, nimekasirika na sitaficha.

Mwaka 2013, Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, uliofanyika Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, ulibadilisha maana ya ajira: tangu hapo mwenye ajira ni yule tu anayefanya kazi kwa malipo au faida. Anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake hamo, na kama hatafuti kazi ya malipo, anawekwa nje ya nguvukazi pamoja na wanafunzi na wastaafu.

Huku kwetu Busia nilikuwapo mdadisi wa takwimu za ajira alipomhoji shangazi yangu, mikono yake ikiwa bado na udongo wa palizi. Aliulizwa kama sehemu kubwa ya mavuno ni ya kuuza au ya kula. Akajibu kwa ukweli kwamba ni ya kula, ila huuza debe moja moja karo inapodaiwa, na jibu hilo likatosha kumtoa katika wenye ajira. Jirani yake, ambaye mashamba yao yanapakana, huuza maharage yake mengi sokoni, kwa hiyo yeye ana ajira. Mvua ikikatika mwakani akaamua mavuno yawe hasa ya kula, naye atahamishwa safu bila kuweka jembe chini hata siku moja.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mfumo wa hesabu za taifa wa mwaka 2008 huingiza katika Pato la Taifa chakula ambacho kaya hujilimia. Mihogo ya shangazi imo, shangazi hayumo! Tena ainisho la kimataifa la kazi, ISCO-08, lina kundi zima, la 63, la wakulima, wavuvi, wawindaji na wakusanyaji wa kujikimu. Lakini jedwali likijazwa wenye ajira pekee, hao watakuwa wamekwisha kuchujwa kabla halijaanza kujazwa.

Azimio lenyewe la mkutano wa Geneva, tuseme haki, halikukana kwamba kilimo hicho ni kazi. Lilitaka kipimwe peke yake. Ninaowalaumu ni watoa ripoti wanaotanguliza kiwango cha ajira kurasa za mbele na kuwasukuma wakulima wa kujikimu kwenye viambatisho, ambako mbunge anayepitisha bajeti ya pembejeo hafiki. Nataka takwimu hizo mbili ziwe kwenye jedwali moja, na kila ripoti inayolinganisha miaka ya kabla na baada ya mabadiliko iandike wazi, juu ya jedwali lenyewe, kwamba maana ya ajira si ile ile.