Eliya chini ya mretemu (grupu la familia)

Dada Mkubwa: Shikamooni wote. Jamani mahubiri ya leo siwezi kukaa nayo peke yangu. 1 Wafalme 19, nabii Eliya chini ya mretemu, ule mti mdogo wa jangwani. Habari hii naijua tangu utotoni ila leo ni kama nimesomewa mara ya kwanza

Mama: Marahaba mwanangu. Si ndo hapo anaomba afe?

Dada Mkubwa: Ndo hapo mama. Mchungaji kaanza kwa kutukumbusha kuwa huyu ni yule yule wa sura ya 18, aliyesimama mlima Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, yule mungu wa uongo, na moto ukashuka. Sasa malkia Yezebeli katuma mjumbe tu na maneno ya vitisho, mtu mbio mpaka jangwani anasema "sasa yatosha"

Mdogo Wetu: mi kuna mhubiri alisema ukichoka ujue huna imani. nilirudi nyumbani nimeumia kuliko nilivyoenda, ndo maana siku hizi siendi

Shangazi: Pole sana baba, hukutuambia. Sasa mi nimefungua Biblia hapa nasoma mstari kwa mstari na sioni mahali Mungu alipomkemea kwa kuchoka. Malaika kamgusa kamwambia "Inuka, ule", anageuka anakuta mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji kichwani pake. Kala, kanywa, kalala tena, na bado hakugombezwa

Dada Mkubwa: Enhee shangazi, hapo pa kulala tena ndo mchungaji alisimama. Mstari wa 7 kausoma mara mbili afu akanyamaza, kanisa zima kimya unasikia kurasa tu. Malaika anarudi mara ya pili na sababu anayotoa ni kwamba safari ni kubwa mno kwake. Yaani mbinguni kwenyewe wanakiri kuwa ni kubwa! Mi nililia pale pale

Mjomba: Hayo ndo mahubiri sasa. Mhubiri akitulia kwenye kifungu mpaka ukamwona mtu aliyemo mule unatoka na kitu, wale wa kurukaruka mstari huu na ule mi natoka nakumbuka sauti tu. Afu angalieni mstari wa 3, Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba akaendelea peke yake. Baadaye anamlalamikia Mungu kuwa amesalia yeye tu, kumbe wapo 7,000 ambao hawajampigia Baali goti, na sura ya nyuma tu Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme, alishamwambia amewaficha manabii 100 mapangoni. Kwa hiyo alijua! Uchovu ulimsahaulisha

Mdogo Wetu: mjomba hiyo ya kumwacha mtumishi na kuendelea peke yake ni mimi. meseji za grupu hili nilizizima mwezi mzima, leo nimefungua kwa sababu mama alipiga

Mama: Tuliona mwanangu. Tukaogopa kukusumbua, hapo tulikosea sisi

Mdogo Wetu: hata kuomba sijui niombe nini mama

Shangazi: Sema alichosema Eliya. "Sasa yatosha" nayo ni maombi, imo kwenye Maandiko. Kufa alikokuomba hakupewa, ila alisikilizwa na akalishwa

Dada Mkubwa: Na kwa nguvu za chakula kile akatembea siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Nakutumia odio ya mahubiri yote mdogo wangu?

Mdogo Wetu: subiri kwanza dada nisome mwenyewe, odio baadaye

Mdogo Wetu: mmelala? nimefika mstari wa 14. upepo umepita, tetemeko, moto, afu sauti ndogo, na anaulizwa tena unafanya nini hapa Eliya, na anajibu maneno yale yale aliyojibu mwanzo, hajabadilisha hata moja. Mungu kamwacha arudie

Mama: Sijalala baba. Ndio, kamwacha arudie

Mdogo Wetu: basi kesho asubuhi nakupigia mama, na mimi ninayo ya kurudia